Igeuze Risasi, Utazame Kitako

Mgeni wa michezo ya shabaha akipewa achague risasi, hushika yenye ncha kali kuliko zote. Mimi humwambia aigeuze. Franklin Mann, daktari wa Marekani aliyechapisha majaribio yake ya miaka mingi mwaka 1909, aliharibu ncha za risasi kwa makusudi na madhara yakawa madogo. Alipoharibu vitako, zilitawanyika. Kitako ndicho cha mwisho kuachana na mtutu, huku gesi ya baruti ikikisukuma. Ukingo wenye kasoro huipitisha gesi upande mmoja mapema, na risasi huanza safari ikiwa imeinama.

Basi chukua kioo cha kukuzia. Ukingo wa kitako uwe sawa pande zote, bila kibonyeo wala kipande cha shaba kilichobaki kiwandani. Kasoro mbaya zaidi huioni: ganda la shaba lililo nene upande mmoja huhamisha kitovu cha uzito, na risasi inayozunguka zaidi ya mara 2,500 kwa sekunde haivumilii hilo.

Mzunguko huo ndio unaoishikilia isipinduke, kama pia ya watoto. Watu huuliza uzito wa risasi. Afadhali waulize urefu, maana ndio unaoamua mzunguko unaohitajika. Mwaka 1879 George Greenhill, mwanahisabati wa Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni ambayo bado hutumika: zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa 150, ugawanye kwa urefu, vyote kwa inchi. Jibu ni umbali ambao mifereji ya ndani ya mtutu inapaswa kukamilisha duara moja. Risasi ya inchi 0.308 yenye urefu wa inchi 1.2 hutaka takriban inchi 12. Ya shaba tupu huwa ndefu kuliko yenye madini ya risasi ndani hata uzito ukilingana, kwa hiyo mtutu ulioizoea moja huenda ukashindwa na nyingine. Hali ya hewa nayo imo: bunduki za kwanza za M16 zilizungusha risasi mara moja kwa inchi 14, zikayumbisha risasi kwenye baridi kali, ambako hewa ni nzito. Mwaka 1963 zikawekwa 12.

Jina kubwa lisikudanganye. Risasi ya Sierra MatchKing ya greni 168 ni bora kwa mita 300, umbali ambao ilibuniwa kwa ajili yake. Kitako chake kimechongwa kwa pembe ya nyuzi 13, na inapokaribia mita 900, kasi ikishuka kuelekea ile ya sauti, huanza kutikisika. Dada yake ya greni 175, yenye nyuzi 9, hupita hapo salama. Kwa masafa hayo ningelipia hiyo bila kusita.

Mwisho soma karatasi ya shabaha. Usihesabu alama tu, tazama matundu. Tundu la duara safi linaonyesha risasi iliyofika ikitanguliza ncha. Lililorefuka upande mmoja ni la risasi iliyofika ikiwa imelala, hata kama limeangukia katikati.