Mkono wa Vileja

Kileja hakina pa kujificha. Ni unga wa mchele, samli, sukari, mayai na iliki, na kwa nyumba zinazopenda, matone ya maji ya waridi. Hakuna shira ya kufunika kosa kama kwenye kaimati. Ukitafuna tu unajua mpishi alikuwa na haraka au alitulia. Ndiyo maana sinia la Idi likiletwa mbele yangu, Unguja au Mombasa, mkono wangu huanzia kwenye vileja.

Shangazi yangu wa Ng'ambo, mjini Unguja, alianza kazi mapema, moto haujafikiriwa hata kuwashwa. Mchele aliuroweka usiku kucha, akauchuja, akautandaza kivulini juu ya kitambaa safi mpaka maji ya juu yakauke huku kiini kikiwa bado laini. Hapo ndipo hutwangika. Punje kavu huruka kinuni na kutoa chenga. Punje iliyolowa na kupigwa upepo hukubali mchi, ikalainika. Alitwanga, akachekecha, chenga zikarudi kinuni, akachekecha tena, kisha unga ukaanikwa. Unga wa pakiti unafaa, na mashine za kusaga zimepumzisha mabega ya wanawake wengi, jambo ninalolifurahia. Lakini ulimi unautambua ule wa kinu, kwa kuwa hauachi mchanga menoni.

Samli na sukari alizivuruga kwa kiganja, akizungusha upande mmoja, mpaka zikawa nyeupe na kuumuka kwa hewa. Yai likafuata, moja moja. Iliki, ambayo kwetu hutoka mashamba ya Unguja au milima ya Usambara, aliimenya na kuitwanga dakika ile ile ya kuitia, maana ikishasagwa harufu yake haikawii kukimbia.

Kisha unakuja unga, na hapa ndipo ninapomvulia kofia kila ajuaye kazi hii. Ngano ikikandwa na maji hutoa gluteni, ule mnato unaoshika donge hata likivutwa. Mchele hauna kitu hicho. Kileja kinashikwa na samli na yai, basi. Samli ikizidi, kinatambaa kwenye trei. Ikipungua, kingo zinapasuka mkononi kabla hata ya kuonja moto. Mapishi mengi huandika nusu kilo ya unga kwa robo kilo ya samli na robo ya sukari, na huo ni mwanzo mzuri, ila unga wa leo si wa jana, na yai dogo si sawa na kubwa. Shangazi alikamata donge akalifumbata, akafungua ngumi, akalibonyeza kwa kidole gumba. Likikatika mapande makubwa, limefika. Likisambaratika, huongezwa samli kidogo. Baada ya hapo alilifunika akaliacha, kwa sababu unga wa mchele hunywa polepole na haupendi kuharakishwa. Ndipo alipofinyanga viduara vya ukubwa wa ndimu, akavibana kidogo kwa kiganja na kutia alama katikati.

Siku hizi oveni ya nyuzi 170 humaliza kazi kwa dakika 20 hivi. Zamani ilikuwa sufuria pana, mchanga chini, trei ndani, bati juu, na makaa yaliyopaliwa juu ya bati. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana chini ndiko kunakoungua kwanza. Kileja kilichoiva hakigeuki rangi ya mkate: juu kinabaki cheupe, chini kinapata udhahabu mwepesi. Kwa hiyo jicho halisaidii sana. Mpishi husikiliza kwa pua. Na kikitoka hakiguswi. Samli bado ni maji ndani yake, na anayekinyanyua cha moto hubaki na unga kiganjani.

Harufu hii si ya kwetu tu. Huko Iran, mji wa Kermanshah unasifika kwa nan-e berenji, biskuti ya unga wa mchele yenye mafuta, iliki na maji ya waridi. Nikikumbuka majahazi ya Ghuba yaliyokuwa yakishuka na kaskazi kuja pwani yetu karne kwa karne, sishangai hata kidogo kuona majiko mawili yaliyo mbali hivyo yakinukia namna moja.

Kwetu harufu hiyo ni ya kumi la mwisho la Ramadhani. Baada ya tarawehe uchochoro mzima hunukia iliki, na watoto huitwa kubeba trei. Tulipewa vilivyovunjika, navyo vilitutosha. Vizima viliingia kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, vikisubiri wageni. Anayeiba kileja hujulikana bila kuulizwa: chenga humfuata kifuani mpaka mlangoni.

Kwa kuwa kina maji machache, kileja hukaa wiki kadhaa bila kuharibika, nacho husafiri. Jamaa zetu walioondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na kuishia Muscat bado hupelekewa kopo kila Idi, limefungwa kanga ndani ya sanduku. Nusu ya vileja hufika vimevunjika. Wanachagua vizima kwa ajili ya wageni, na chenga wanazila wenyewe kwa kijiko, na chai ya rangi.