Gramu 900 Zilizoachwa Dukani

Uamuzi wenyewe hauchukui hata dakika moja. Mtu anayetaka kuingia kwenye mchezo wa kulenga sahani za udongo, kibali anacho na pesa anazo, anasimama kaunta na kuwekewa shotigani mbili za geji 12, zote za mitutu miwili iliyolaliana, zote za sentimita 76. Moja ina kilo 3.6, nyingine kilo 2.7. Anainua ya kwanza, mkono wa mbele unalalamika. Anainua ya pili, inafika begani kabla hata hajaitaka. Anaizungusha kushoto na kulia, anaitikia kwa kichwa, analipa. Geji amepatia, urefu wa mitutu amepatia, choki za kubadilisha amepatia. Uzito ameukosa, na uzito huo utamgharimu sahani nyingi kuliko hayo mengine yote yangemwokolea.

Tuutazame vizuri mzunguko ule wa kaunta, kwa sababu ndipo kila kitu kilipoharibikia. Bunduki ilikuwa tupu. Haikuwa na risasi chumbani, hakukuwa na sahani hewani, na iliinuliwa mara moja tu. Kilichopimwa pale ni urahisi wa kuanza kusogea, na kwa kipimo hicho bunduki nyepesi itashinda kila siku. Lakini sahani ya trapu, aina moja ya mchezo huo, haiombi mtutu uanze tu. Inatoka kwenye mashine iliyo mita 15 mbele ya mpigaji, ina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105, inakimbia kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na mpigaji asipoifikia ndani ya sekunde moja hivi imeshakwenda zake. Mtutu lazima uikamate njia yake, uipite, risasi itoke ungali unakwenda, kisha uendelee kwenda. Kitu chenye inesha kubwa ni kigumu kuanzisha na kigumu kusimamisha. Sifa hizo mbili hazitenganiki, na mnunuzi wetu ameilipia nusu ya kwanza bila kujua kwamba nusu ya pili ndiyo inayovunja sahani.

Hesabu yake si ngumu. Ncha ya mtutu ipo takriban mita moja mbele ya jicho. Mkono ukisita kidogo wakati wa kufyatua, ncha ikabaki nyuma kwa sentimita moja tu, kosa hilo kwa mita 35 limeshakuwa sentimita 35. Choki kamili, yaani mdomo wa mtutu uliobanwa zaidi, hupimwa kwa kuweka asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la sentimita 76 kwa umbali wa yadi 40, yaani nusu ya duara hilo ni sentimita 38. Kwa hiyo sentimita moja ya kusita inaisogeza sahani kutoka katikati ya wingu la marisau hadi ukingoni, ambako punje zimetawanyika na sahani inaweza kupita nzima. Bunduki ya kilo 3.6, tena ikiwa na uzito wa kutosha mbele, hukataa kusita kwa sababu tayari imeshika mwendo. Ya kilo 2.7 inamtii mpigaji katika kila kitu, pamoja na woga wake, na woga wa mpigaji mpya huja sehemu ileile kila mara, pale kidole kinapogusa kifyatulio.

Woga huo una chanzo, nacho ni msukumo wa nyuma. Risasi ikiwa ileile, nishati ya msukumo huongezeka kadiri uzito wa bunduki unavyopungua. Kutoka kilo 3.6 kwenda 2.7 ni ongezeko la theluthi moja kamili. Kwa risasi ya kawaida ya gramu 24 ni kama kutoka jouli 20 hadi 27 kwa kila mlio. Mtetezi wa bunduki nyepesi atasema anaokoa mikono: mchujo wa trapu ni sahani 125, na kuinua kilo pungufu mara 125 ni nafuu kubwa. Basi tuipime nafuu hiyo. Gramu 900 zikiinuliwa nusu mita mara 125 ni kazi ya jouli 550 hivi. Msukumo ulioongezeka, jouli 7 kasoro kidogo kwa mlio, ukizidisha kwa milio 125 unapata kama 850, na hapo hatujahesabu milio ya mtutu wa pili. Ameipunguzia misuli ya mkono mzigo akaubebesha mfupa wa bega na shavu, ambavyo havina namna ya kufanyiwa mazoezi. Kufikia raundi ya nne mwili umeshajifunza kujikunja kabla ya mlio, na mwalimu hawezi kuusemesha mwili uliokwisha kuamua.

Kwa wasomaji wa huku Malolo, Mikumi na Kilosa, kosa hili linaeleweka linakotoka. Shotigani tunayoijua sisi ni ya shamba na ya njia: ya kulinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe pori, ya kufuata kanga na kwale kwa wenye vibali nje ya mipaka ya hifadhi. Bunduki hiyo hubebwa kutwa nzima na kufyatuliwa mara moja au mbili, na pengine isifyatuliwe kabisa. Kwenye kazi kama hiyo kilo 2.7 ni busara, na viwanda vinalijua hilo: Beretta wanapotengeneza Ultralight yao kwa mwili wa aloi ya alumini wanamfikiria mtu anayepanda kilima. Lakini mpigaji wa sahani hapandi kilima. Anasimama kituoni, anapumzika kati ya zamu, na kwa siku moja anafyatua mara nyingi kuliko mlinzi wa shamba anavyofyatua kwa mwaka. Mizani ya kubeba imetumika kupima bunduki ya kufyatua. Beretta haohao, walipoitoa DT11 kwa ajili ya mashindano, waliipanua mwili kwa milimita 3 kuliko DT10 iliyoitangulia, wala hawakuogopa uzito. Na Perazzi MX8, iliyozaliwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Mexico 1968 kwa ushirikiano na Ennio Mattarelli, bingwa wa trapu wa Tokyo 1964, bado ni kipimo cha wengine wote ikiwa na kilo tatu na nusu na ushee. Mattarelli alikuwa na dhahabu mkononi tayari. Kama wepesi ungekuwa dawa, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuuomba.

Shahidi mzito zaidi amelala karibu nasi. Frederick Selous, aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, katika ardhi ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, alianza kuwinda tembo miaka ya 1870 kwa bunduki za geji 4. Kila risasi ilikuwa robo ya ratili, gramu 113, na bunduki yenyewe ilikuwa na takriban kilo 5.7 tu. Kwa mtu wa kaunta kilo 5.7 ni jiwe. Kwa risasi ile zilikuwa kidogo mno, na Selous mwenyewe aliandika baadaye kwamba alijuta kuzitumia, kwa kuwa msukumo wake ulimvuruga neva na kumharibia shabaha kwa muda mrefu. Alikuwa mwindaji hodari, mwenye mwili uliokomaa porini, na bado mwili haukusahau.

Hapo ndipo wapinzani humtaja Karamojo Bell, na wanamtaja kila mara. Walter Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao Karamoja na Lado, na sehemu kubwa kwa raifo nyepesi ya milimita 7 wakati wenzake wakibeba mizinga. Ni kweli yote, na wala hainisumbui, kwa sababu Bell yuko upande huu. Alichopunguza yeye kwanza ni risasi. Risasi yake ilikuwa na gramu 11 hivi, msukumo wake ulikuwa mdogo, naye akaweza kuiweka palepale alipotaka. Mnunuzi wetu ameiacha risasi ya geji 12 kama ilivyo akapunguza bunduki peke yake, yaani amechukua njia ya Selous kijana akidhani anafuata nyayo za Bell. Tena tembo wa Bell hakuwa na mbio za sahani. Hakuna aliyewahi kumlenga tembo anayekimbia angani kwa kilomita 100 kwa saa.

Pingamizi lenye nguvu kuliko hilo ni la kanuni ya 96, ambayo kwa kawaida hunasibishwa na fundi bunduki W. W. Greener wa Birmingham: bunduki iwe na uzito wa marisau yake mara 96. Kwa gramu 24 kanuni hiyo inatoa kilo 2.3, kwa hiyo kilo 2.7 ingeonekana hata kuzidi. Greener namheshimu, lakini kanuni hiyo ilikuwa ya wawindaji wa ndege wanaotembea, wenye milio ya kuhesabika kwa siku, na risasi za mashindano za leo huenda kasi kuliko zile. Halafu kuna jambo ambalo kanuni hiyo hailigusi kabisa. Wakubwa wa mchezo walishusha marisau kutoka gramu 32 hadi 28, kisha 24, na nimelilalamikia hilo kwenye safu hii wala sijamaliza. Punje zilizokuwa kama 400 leo ni 300. Wingu likiwa jembamba, mtutu unatakiwa uwe sahihi zaidi kuliko wa akina Luciano Giovannetti, aliyechukua dhahabu Moscow 1980 na Los Angeles 1984. Anayetumia wepesi wa risasi kama sababu ya kupunguza bunduki ameisoma hoja kinyumenyume: risasi imetunyima akiba ya makosa, na bunduki ndiyo mahali pekee palipobaki pa kuirudisha.

Wapo watakaosema skiti, aina nyingine ya mchezo huu, ni habari tofauti, kwani kitako kinaanzia kiunoni na sahani inaweza kuchelewa hadi sekunde 3 baada ya kuitwa, hivyo wepesi wa kupandisha una thamani. Una thamani, ndiyo, na ndiyo maana wengi hupunguza kidogo urefu wa mtutu kwenye skiti. Lakini hawakimbilii kilo 2.7, kwa sababu sahani ya pembeni inahitaji mtutu unaotangulia mbele kwa upole na kuendelea, na hapo tumerudi kwenye inesha.

Ilikuwepo mizani bora ya ubishi huu wote, nayo ni trapu ya sahani mbili, ambamo sahani mbili zilirushwa pamoja na mlio wa kwanza ukawa mtihani wa mlio wa pili. Bunduki inayoruka haikuwa na pa kujificha. Ahmed Al Maktoum aliipa Falme za Kiarabu dhahabu yao ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa mchezo huo Athens 2004, na Fehaid Al-Deehani wa Kuwait akauchukua Rio 2016. Baada ya Rio ukafutwa. Lilikuwa kosa, na tangu hapo watu wanaweza kuuziana wepesi bila mchezo unaowaumbua.

La mwisho ni la wanawake na vijana, wanaoambiwa kila siku kwamba bunduki nzito si yao. Zhang Shan wa China aliwashinda wanaume wote kwenye skiti ya Barcelona 1992, sahani 223 kati ya 225, kwa kanuni zilezile na umbali uleule. Hata hivyo viongozi waliwafungia wanawake mlango: Atlanta 1996 hakukuwa na skiti yao, ikarudi Sydney 2000. Dhuluma ile haijawahi kulipwa, na ushauri wa "chukua nyepesi, mama" unatoka kwenye chungu kilekile. Kim Rhode alichukua dhahabu ya trapu ya sahani mbili hapo Atlanta akiwa na miaka 17. Waliotazama fainali za trapu za Olimpiki, Châteauroux 2024, Adriana Ruano wa Guatemala akivunja 45 kati ya 50 na Nathan Hales wa Uingereza 48, watakumbuka kilichofanana kwao: shavu halinyanyuki, na mtutu unaendelea baada ya sahani kuwa vumbi. Kinachomsumbua mtu mwenye mwili mdogo mara nyingi ni kitako kirefu kinachosukuma uzito mbele ya mikono yake. Fundi akikata sentimita mbili za kitako, bunduki ileile ya kilo 3.6 itatulia katikati ya mikono.

Na aliyekwisha kulipia ile ya kilo 2.7 bado ana njia. Aanze na risasi za gramu 21, ambazo zitamshushia msukumo hadi karibu jouli 22, akijua kwamba analipa kwa punje kama 40 za kila mlio. Mtutu unaosita hautaponywa na risasi hizo. Kwa huo atahitaji uzito wa gramu 150 au zaidi ufungwe chini ya mitutu, na mwingine wa kuulinganisha ndani ya kitako, aongeze kidogokidogo hadi bunduki iache kusimama anapofyatua.