Walzi Kando ya Makanisa Mawili: Uhakiki wa Tamasha la André Rieu

Wahakiki wengi wa muziki huko Ulaya hawana neno jema la kusema juu ya André Rieu. Humwona kuwa mfanyabiashara aliyeutwaa muziki wa mabingwa, akaukata vipande vifupi vifupi, akautia sukari na kuuuza. Watu nao, kwa maelfu, huendelea kununua tiketi. Pengo hili kati ya hukumu ya wataalamu na mapenzi ya umati si geni kwetu tunaofundisha theolojia na kuhubiri. Hata katika sharika zetu wenye elimu ya muziki husema hili juu ya kwaya, na waumini husema lile. Kwa sababu hiyo twaona yafaa tamasha lake lichunguzwe katika kurasa hizi, tena kwa haki.

Rieu alizaliwa mwaka 1949 katika mji wa Maastricht, kusini mwa Uholanzi, akiwa mwana wa kiongozi wa okestra. Mwaka 1987 aliunda Okestra ya Johann Strauss, yenye wapigaji 12, ambayo baadaye ilikua ikapita wapigaji 50. Tangu mwaka 2005 amekuwa akipiga kila Julai katika uwanja wa Vrijthof, katikati ya mji wake, isipokuwa miaka ya 2020 na 2021. Uwanja huo una jambo la kumvutia mwanatheolojia. Upande wake mmoja yasimama makanisa mawili, bega kwa bega: Basilika ya Mtakatifu Servatius, ya Wakatoliki, na Kanisa la Mtakatifu Yohane, lenye mnara mwekundu, ambalo limekuwa mikononi mwa Waprotestanti tangu karne ya 17. Kichochoro kinachopita kati yake wenyeji hukiita Toharani. Wanafunzi wetu wa historia ya Matengenezo watalifurahia hilo.

Tulikaa uwanjani hapo jioni moja ya Julai 2019 pamoja na mama mmoja mjane, mwenyeji wetu, ambaye alikuwa hajakosa tamasha hilo kwa miaka kadhaa. Hakuhitaji kusoma orodha ya nyimbo. Alijua ni lini wanawake wa okestra wangeingia na magauni yao mapana ya rangi za waridi, buluu na njano, na alijua mizaha itakayosemwa kabla haijasemwa. Pembeni watu walikuwa wakila katika meza za mikahawa. Katika majumba rasmi ya muziki, apigaye makofi kabla ya wakati hutazamwa kama mtu aliyekohoa katikati ya sala. Hapa watu huimba, huyumba mabega, na hata hucheza katika njia zilizo kati ya viti. Rieu mwenyewe huongoza akiwa amesimama na fidla yake, mara nyingi akiwa amewaelekea watu.

Je, Mlutheri aseme nini? La kwanza ni kwamba furaha hiyo si kosa. Mwaka 1530, wakati wakuu walipokutana Augsburg, Luther alikuwa amebaki katika ngome ya Coburg kwa kuwa hakuruhusiwa kufika huko. Hapo ndipo alipopata habari ya kifo cha baba yake, na hapo ndipo alipomwandikia mtunzi Ludwig Senfl barua ambamo aliuweka muziki kando kabisa ya theolojia. Tuiache ile hadithi ipendwayo kwamba Luther aliokota nyimbo vilabuni na kuzileta kanisani. Watafiti hawaiungi mkono. Ni kweli kwamba wimbo wake wa Krismasi wa mwaka 1535 ulianza na sauti ya wimbo wa mafumbo wa watu wa kawaida, lakini kufikia mwaka 1539 ulikuwa umepewa sauti nyingine. Alipenda kile ambacho watu wangeweza kukiimba, lakini alichagua.

Na kwa kuwa tumeitaja Coburg, huyo Johann Strauss mdogo, ambaye okestra hii imechukua jina lake, alipotaka kuoa tena baada ya talaka aliacha Kanisa Katoliki, akawa raia wa dola ya Saxe-Coburg-Gotha, akawa Mlutheri, na mwaka 1887 akafunga ndoa mjini Coburg. Hatudhani kwamba aliongozwa na Ungamo la Augsburg. Aliongozwa na Adele. Hata hivyo ni wetu.

Wale wasemao kwamba Rieu hupiga vitu vyepesi tu, tungependa waisikilize tena ile walzi ya Shostakovich, ambayo kwa santuri yake ya mwaka 1994 ilimpa Rieu jina kubwa. Ilitungwa kwa ajili ya filamu ya Kisovieti ya miaka ya 1950, na mtu aliyeona rafiki zake wakikamatwa na kuuawa katika siku za Stalin. Saksafoni ndiyo huanza, peke yake juu ya mapigo matatu ya walzi, na sauti yake ni ya mtu anayecheza dansi huku moyo umeinama. Wepesi hauko hapo kabisa. Mama yule alilia tangu mwanzo hadi mwisho, wala hakuyafuta machozi.

Udhaifu wa tamasha hili, kwa maoni yetu, haumo katika nyimbo bali katika kile kinachozifuata. Desturi yake ni kwamba huzuni isikae. Kipande cha machozi kikiisha, huja mzaha, au wimbo wa gwaride, au mpigaji mmoja hufanya kichekesho, na umati hupumua. Mhubiri 3:4 inautenga wakati wa kulia na wakati wa kucheza. Hapa wakati wa kulia hupewa dakika nne tu, kisha huzimwa kama taa. Tabia hiyo ina mizizi mirefu. Walzi ya Danube ilisikika mara ya kwanza Vienna mwaka 1867, baada ya Austria kupigwa vibaya na Prussia mwaka 1866, katika mji uliokuwa na haja kubwa ya kusahau. Na ule wimbo wa gwaride ambao wote huupigia makofi, Strauss baba aliutunga mwaka 1848 kumtukuza Radetzky, jemadari wa Austria aliyelishinda jeshi lililopigania uhuru wa Waitalia huko Custoza. Makofi yalikuwa ya furaha tupu. Sisi, tuliozaliwa katika nchi ambayo babu zake walisikia tarumbeta za jeshi la Kijerumani kabla ya Maji Maji na baada yake, mikono yetu ilichelewa kidogo.

Lakini hatuwezi kuishia katika kukosoa jukwaa, maana mama huyu alitueleza jambo linalotuhusu zaidi. Alipofiwa na mumewe, mazishi yalifanyika kanisani vizuri, kwa utaratibu, kwa muda wa chini ya saa moja. Baada ya hapo, asema, kila Jumapili alisalimiwa kwa uangalifu mwingi, kama mtu mwenye ugonjwa, akaacha kwenda. Uwanjani, katikati ya maelfu, aliweza kulia bila kuulizwa. Wasomaji wetu watasema kwamba kwetu kuna matanga, na ya kwamba mjane haachwi peke yake. Ni kweli, tena ni hazina. Ila tumehudhuria misiba ambako kinanda na vipaza sauti vimeletwa, na kwaya inapiga nyimbo za kuchangamsha tangu mwili haujashushwa kaburini, kwa hofu ile ile ya kuacha kimya. Huko nako huzuni hairuhusiwi kukaa. Katika barua ile kwa Senfl, Luther aliomba anakiliwe na kutumiwa wimbo wa maneno ya Zaburi ya 4 juu ya kulala katika amani, kwa sababu alikuwa akikifikiri kifo chake mwenyewe. Hakuomba kitu cha kumsahaulisha. Twatamani kuona kwaya ya chuo chochote chetu ikiimba wimbo wa namna hiyo kaburini, polepole, kisha ikakaa kimya.

Mama huyu alikuwa amekwisha kuinunua tiketi ya mwaka 2020. Julai hiyo uwanja wa Vrijthof haukuwa na tamasha, kwa ajili ya UVIKO-19, na makanisa yale mawili yalibaki na njiwa. Alituandikia baadaye kwamba katika miezi ile mtu aliyempigia simu kila Alhamisi alikuwa mwanamke waliyeketi naye safu moja katika tamasha la mwaka fulani. Kutoka usharikani kwake alipokea barua moja, iliyochapwa, yenye ratiba ya ibada za redioni.