Dikotomia na Mpaka: Istilahi Moja ya Uhakiki Katika Mizani

Miongoni mwa istilahi ambazo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeziazima, "dichotomy" ya Kiingereza, yaani dikotomia, hutumiwa kwa wepesi mno. Asili yake ni Kigiriki: dikha, "sehemu mbili mbalimbali", na temnein, "kukata". Katika mantiki, ukataji huo una masharti mawili: sehemu zisiingiliane, na kwa pamoja zikimalize kitu kizima. Basi anayedai kuna dikotomia anadai kwamba hakuna aliye pande zote mbili, wala aliye nje yazo.

Dai hilo na lipimwe Funyula. Mwaka 1902 Uingereza iliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yake ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo Kenya ya leo. Wasamia wakawa wa nchi mbili, sawa na Wateso wa Malaba; Kisamia kikabaki kusemwa ng'ambo zote mbili za mto Sio. Sheria ilikata, lugha haikukatika. Kiswahili kinaieleza hali hii vyema: nchi zenye mpaka "hupakana", na kiambishi -an- ni cha kutendana. Tena twasema "kutoka Funyula mpaka Malaba": neno lile lile la kutenga ndilo la kufikia.

Tugeukie ushairi. Tangu mgogoro wa miaka ya 1970, wanafunzi hufundishwa dikotomia ya wanamapokeo na wanamabadiliko, na aghalabu huongezewa kwamba arudhi ni uhafidhina na ushairi huru ni mapinduzi. Kichomi cha Kezilahabi (1974) chaelekea kuthibitisha hayo. Lakini Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973), iliyotungwa gerezani kati ya 1969 na 1972, inafuata arudhi ya jadi huku ikiikabili dola. Diwani hiyo imesimama pande zote mbili. Sharti la kwanza limevunjika.

Hatusemi kwamba tofauti hazipo. Afisa wa forodha wa Busia ni wa kweli, na vina ni vya kweli. Tunachokikataa ni kuigeuza tofauti ya fani kuwa hukumu ya maudhui kabla shairi halijasomwa. Mhakiki na aseme kwamba pande hizo zinapakana, kisha aoneshe ni wapi.