Fundi wa Kalafati

Bandari ya kale ya Mombasa husimuliwa kwa mawe yake. Mgeni huonyeshwa Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha huteremshwa ngazi za Leven hadi majini. Si vibaya. Ila mawe hayakuleta tende wala hayakupeleka boriti za Lamu Uarabuni. Majahazi ndiyo yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, na yalielea kwa kazi ya mtu ambaye wasimulizi humruka: fundi wa kalafati.

Kazi yake hungoja maji yapwe, chombo kiwe kimeegemezwa mchangani. Hukwangua pamba kuukuu iliyooza katikati ya mbao, akausafisha mwanya hadi ndani. Kisha husokota pamba mpya, akaichovya mafuta, akaiingiza kwa chuma butu na nyundo. Hana papara. Kwanza huishika tu, kikunjo baada ya kikunjo, halafu hurudi mwanzo na kuishindilia. Mwanya haulingani urefu wote. Ukipanuka, vikunjo hukaribiana, ukibana, huvipunguza. Pamba ikipungua, maji yataingia. Ikizidi ni balaa jingine: mbao zikivimba majini husukumana, misumari ikalegea. Rula haisaidii hapa. Fundi husikiliza, kwa maana pamba ikishakaa mlio wa nyundo hubadilika, ukawa mkavu.

Baadaye tumbo la chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na mbavu za juu hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa. Harufu yake haielezeki mezani.

Miaka ya 1920 Kilindini ilipata gati za kina kirefu, na meli kubwa zikawa za upande ule wa kisiwa. Bandari ya kale ikabaki na vyombo vya mbao, na vyombo vya mbao haviachani na kalafati: pamba huoza, hutolewa, hutiwa nyingine.

Mchonga nakshi za tezi husifiwa na kila mpita njia. Mimi namweka huyu mbele yake. Sifa zake anazijua baharia aliyelala usiku kucha bila kuamshwa kufua maji.

Ukikuta jahazi limelazwa ufukweni, acha kwanza kupiga picha ya mlingoti. Zunguka chini, mwamkie fundi, utazame mshono mmoja hadi mwisho. Ila usimsemeshe nyundo ikigonga.