Maneno Yetu Juu ya Mungu Wakati wa Msiba

Wasomaji wetu wa Bukoba na Muleba wajua ya kuwa kwetu wafu huzikwa kibanjani, katikati ya migomba, na kabla ya watu kutawanyika husimama wasemaji. Maneno yao ni utungo wenye kawaida na mapambo yake. Na utungo usemwao mbele ya watu wengi wastahili kupimwa. Leo hatuupimi kwa uzuri wa lugha. Twauliza jambo moja tu: Je, maneno hayo yapatana?

Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyotoka Bukoba ikapitia Kemondo, ilipinduka na kuzama ilipokaribia Mwanza. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walihesabiwa kuwa zaidi ya 800. Makaburini ikasemwa, kama isemwavyo siku zote, ya kuwa kazi ya Mungu haina makosa, na ya kuwa saa yao ilikuwa imefika. Jioni, watu wale wale wakiota moto matangani, wakasema kwamba meli ilijazwa kupita kiasi, na waliohusika washitakiwe. Na kweli baadhi yao walishitakiwa.

Haya, na tuyaandike maneno hayo mawili ubaoni, moja chini ya jingine, kama hesabu. Ikiwa kuzama kule kulikuwa kazi ya Mungu isiyo na kosa, basi aliyeijaza meli alikuwa mtumishi wa kazi hiyo, na kumshitaki ni kumshitaki aliyemtuma. Lakini ikiwa alitenda kosa, basi katika jambo lile mlikuwa na kosa, wala haitupasi kulitia lote mkononi mwa Mungu na kusema halina doa. Asubuhi tulisema hili na jioni lile, wala hatukuona haya.

Yuko atakayetujibu: Mungu huruhusu, mwanadamu hutenda. Jibu hili ni zuri; hata habari ya Yusufu na ndugu zake yalitegemeza, maana wao walikusudia mabaya na Mungu akayageuza kuwa mema. Lakini tazameni, katika habari ile ubaya wa ndugu umetajwa waziwazi. Makaburini kwetu hautajwi. Saa ya marehemu ndiyo itajwayo, na uzito wa meli hunyamaziwa. Neno hilo lililokusudiwa kumfariji mjane lamsitiri mkosaji, na chombo kingine chajazwa vilevile.

Kisha likaja tetemeko la nchi la tarehe 10 Septemba 2016. Watu zaidi ya 15 walikufa, nyumba nyingi zikaanguka, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Hapo hapakuwa na nahodha wa kulaumiwa, na wengine wakasema ni adhabu ya dhambi zetu. Twauliza: dhambi za nani? Ikiwa ni za mji wote, mbona aliyeangukiwa ni huyu na jirani yake mwenye kuta imara amepona? Au Mungu huhukumu kwa ubora wa matofali? Soma Luka, sura ya 13: mnara wa Siloamu uliwaua watu 18, naye Bwana Yesu alikana ya kuwa hao walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Aliwataka wasikilizaji watubu, lakini hakueleza sababu ya mnara kuanguka.

Tukisema hivi huambiwa ya kuwa njia za Mungu hazichunguziki, tuache kuuliza. Vema, twakubali. Lakini asemaye ya kuwa njia hizo hazijui hana ruhusa, katika pumzi ileile, kumwambia mama aliyefiwa kwamba nyumba yake ilianguka kwa sababu fulani. Unyenyekevu huo na umfunge mdomo na yeye pia.

Wazee wetu hawakuwa na taabu hii. Ziwa na dhoruba vilikuwa vya Mugasha, pori lilikuwa la Irungu, na wafu walikuwa wa Wamara. Ajali ya ziwani ilikuwa na mwenyewe, na mema ya shamba yalikuwa na mwenyewe mwingine. Mzigo uligawanywa, wala hapakuwa na maneno ya kupingana. Hatuandiki haya ili mtu arudi kwenye vibanda vya Mugasha. Twaandika kwa sababu sisi tumemkiri Mungu mmoja, muumba wa ziwa na wa nchi kavu, na kumbe bado twagawanya kama wazee: yaliyo mema twampa Mungu, na yaliyo mabaya twayapa bahati mbaya, bila kukiri ya kuwa tunagawanya.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa ikitaka kutua Bukoba iliangukia ziwani ikiwa na watu 43. Wavuvi walikwenda kwa mitumbwi yao kuokoa watu. Waliopona ni 24. Wengi walisema, na hata sasa wasema, ya kuwa mkono wa Mungu uliwatoa majini hao 24, nasi hatuwakatazi kushukuru. Lakini jamaa za wale 19 waliokufa husikia shukrani hizo, na baadhi yao huketi benchi moja nasi Jumapili, nasi hatujawaambia mkono ule ulikuwa wapi.