Ufundi wa Kukutanisha Sauti

Tarehe 4 Novemba 1828, mjini Vienna, Franz Schubert alikwenda kwa Simon Sechter kuchukua somo la kontrapunti. Alikuwa na umri wa miaka 31. Alikwisha kutunga nyimbo zaidi ya 600, alikwisha kumaliza ile simfonia ndefu ya C meja, na wino wa utunzi wake wa ala tano za nyuzi ulikuwa haujakauka vizuri. Sechter alikuwa mpiga ogani wa kasri ya mfalme, mwalimu mwenye sheria zake, aliyeandika maelfu ya fugi ambazo leo ni nadra kusikia hata moja ikipigwa. Somo la pili halikufanyika. Schubert alikuwa hoi kitandani, na tarehe 19 mwezi huohuo akafariki. Karatasi za mazoezi yake zimebaki hadi leo.

Wanaolisimulia jambo hili hulisimulia kwa huruma, kana kwamba bingwa alikwenda kujidhalilisha kwa mtu wa chini yake. Huruma hiyo siioni mahali pake. Schubert alijua kwamba nyimbo zinaweza kumjia mtu usiku bila kuitwa, ila kuziweka nyimbo mbili zitembee pamoja bila moja kumezwa na nyingine ni kazi ya mikono. Kazi ya mikono hufundishwa.

Nieleze kontrapunti kwa anayeimba kwaya, maana huyo ndiye atakayenielewa upesi. Sisi wa sauti ya nne tunaujua unyonge wetu. Katika tenzi nyingi soprano hupewa wimbo wenyewe, alto na tenor hujaza katikati, nasi wa besi hupewa noti mbili tatu za kushikilia kama nguzo za kibanda. Katika kontrapunti hakuna nguzo. Kila sauti ina wimbo wake kamili, wenye mwanzo, mlima na mteremko. Ukiuimba peke yake nyumbani unatosha. Zikiimbwa zote kwa pamoja zinapatana, na kupatana kwenyewe hakukuja kwa bahati.

Vitabu vya historia huugawa muziki wa Ulaya kwa mafungu: Zama za Kati, Renesansi kuanzia karibu mwaka 1400, Baroko kuanzia 1600, Klasiki kuanzia 1750, Romantiki katika karne ya 19. Mafungu hayo yanamfaa mwalimu anayesahihisha mitihani, nami siyakatai. Lakini yaliwekwa na waliokuja baadaye. Hakuna aliyelala Renesansi akaamka Baroko. Baroko yenyewe ilianza kama tusi, la kusema muziki huu umekwenda kombo. Mwaka 1750 umechaguliwa kwa sababu ndio aliofariki Johann Sebastian Bach, ilhali wanawe walikuwa wakitunga kwa mtindo mwingine kabisa baba akiwa hai. Ukiufuata ufundi wa sauti kwa sauti, unavuka mipaka hiyo yote bila kuombwa pasi.

Mwanzoni palikuwa na tatizo la kuandika. Mtawa Guido wa Arezzo, katika karne ya 11, aliwafundisha wanakwaya kwa mistari iliyochorwa: mwekundu uliashiria fa, wa manjano do. Alijisifu kwamba mwimbaji aliyekuwa akihitaji miaka kumi kujifunza nyimbo za kanisa sasa angemaliza kwa mmoja au miwili. Majina ut, re, mi, fa, sol, la ni yake pia, na kutoka hapo, kupitia mikono mingi hadi kwa Sarah Glover na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, tumepata solfa inayoandikwa kwa herufi na iliyoletwa Afrika na wamisionari. Enoch Sontonga aliuandika kwa solfa ule wimbo wa mwaka 1897 ambao sauti yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika. Mwanakwaya wa Songea au Machakos anayesoma d r m ubaoni ana ujamaa na Guido, hata kama hawajatambulishana.

Baada ya kuandika, kujenga. Mwishoni mwa karne ya 12, huko Paris, Pérotin alitunga kwa sauti nne: ya chini imeshika wimbo wa kale wa kanisa kwa noti ndefu mno, hata msikilizaji anasahau kwamba ni wimbo, na tatu za juu zinacheza juu yake. Karibu miaka 300 baadaye Johannes Ockeghem aliandika misa nzima ambamo sauti mbili zinasoma noti zilezile kwa mwendo tofauti, moja ikiiacha nyingine polepole, na jozi ya pili inafanya vivyo hivyo kwa wakati huohuo. Nikiisikiliza sioni hesabu; nasikia watu wanne wakiimba kwa raha. Ndiyo maana namheshimu kuliko wengi waliokuja kujulikana zaidi yake.

Kitabu kilichoufanya ufundi huu uweze kubebwa mfukoni kilichapishwa Vienna mwaka 1725. Johann Joseph Fux, mkuu wa muziki wa kaisari, alikiandika kwa Kilatini na kukiita Gradus ad Parnassum. Ni mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi. Mwalimu anaitwa Aloysius, na huyo ni Palestrina, bingwa wa Roma aliyekuwa amefariki mwaka 1594. Mwanafunzi, Josephus, ni Fux mwenyewe. Yaani mzee wa miaka 60 na ushee amejiketisha mkekani mbele ya marehemu.

Njia yake ni ya ngazi tano. Mwanafunzi anapewa wimbo-msingi, noti ndefu zisizo na mapambo. Ule wa kwanza una noti 11: unaanzia re, unafika la, unateremka hatua kwa hatua kurudi re. Kazi yako ni kuweka wimbo mwingine juu au chini yake. Ngazi ya kwanza noti moja kwa moja, ya pili mbili kwa moja, ya tatu nne kwa moja. Ya tano huchanganya zote.

Ngazi ya nne ndiyo kiini, na yeyote mwenye mwenzake anaweza kuijaribu. Wa juu ashike do, wa chini aimbe mi iliyo chini yake. Zinapatana. Sasa wa chini ashuke kwenda re, wa juu ang'ang'anie do yake. Mtasikia mkwaruzo, sauti mbili zinasigana kabisa. Msiukimbie. Kisha wa juu ateremke hatua moja tu hadi ti, na utamu utarudi, tena mtamu kuliko ule wa mwanzo. Ukali umeandaliwa, umegonga, umefunguliwa. Huzuni nyingi ya muziki wa Ulaya, kuanzia misa za Palestrina hadi arusi na misiba ya opera, imejengwa kwa hatua hizo tatu.

Sheria nyingine inayowasumbua wanafunzi ni ile inayokataza sauti mbili kutembea upande mmoja zikiwa zimeachana kwa umbali wa tano au wa nane, kwa mfano do na so zikipanda pamoja kuwa re na la. Wengi huifuata kama mwiko wa mababu. Sababu yake ni ya sikio. Umbali huo unapatana mno, hata sauti mbili zikienda hivyo zinasikika kama moja iliyonenepa. Mmoja wa waimbaji amepotea, na kosa lote ni hilo.

Watu waliivunja sheria ya mkwaruzo, bila shaka, tena mapema. Mwaka 1600 Giovanni Maria Artusi wa Bologna alichapisha kitabu cha kuwalaumu watunzi walioingiza ukali bila kuuandaa, akatoa mifano ya Claudio Monteverdi bila kumtaja jina. Monteverdi alijibu mwaka 1605 kwamba ipo njia ya pili, ile ambayo baadaye ilielezwa kuwa ndani yake maneno ndiyo yanayoamuru muziki. Hapo ndipo vitabu vinapochora mpaka wa Baroko. Lakini mwaka 1610 mwasi huyohuyo alichapisha misa ya sauti sita kwa mtindo wa kale, kali kuliko za wenye mtindo wao, akamtunukia Papa. Alitaka ijulikane kwamba alivunja akijua anachokivunja.

Sasa fugi, utunzi ambao sauti hupokezana wazo moja. Chukua ya C ndogo, ya pili katika mkusanyiko ambao Bach aliukamilisha mwaka 1722. Ina mizani 31 tu, haimalizi dakika mbili. Sauti ya kati inaanza peke yake na wazo fupi, la kuchezacheza. Ikimaliza, ya juu inalipokea wazo lilelile ikianzia noti nyingine. Ni kama majibizano ya washairi, ambapo mjibu analazimika kufuata vina na mizani ya aliyemtangulia. Ila hapa aliyetangulia hanyamazi, anaendelea kusema jambo lingine wakati anajibiwa. Na jibu halikunakiliwa kipofu. Pale wazo liliporuka chini hatua nne, jibu linaruka tano. Bach amebadili noti moja ili tusihamishwe nyumbani mapema. Ukiisikia huitambui; ukiirudisha ilivyokuwa, mlango unagongwa vibaya. Besi inaingia mwisho, kwenye mzani wa saba, nayo inapewa wazo zima bila kupunguziwa chochote. Ndugu zangu wa sauti ya nne watanielewa.

Bach alipofariki, kazi yake kubwa ya mwisho ya fugi ilichapishwa mwaka 1751, na katika miaka mitano iliyofuata ziliuzwa nakala kama 30 hivi. Mwanawe Carl Philipp Emanuel aliamua kuyauza mabamba ya shaba yaliyotumika kuichapia.

Ufundi haukufa kwa sababu mazoezi hayakukoma. Haydn, kijana asiye na fedha za mwalimu, alijifundisha kwa kitabu cha Fux. Mozart alimfundishia kitabu hichohicho kijana Mwingereza, Thomas Attwood; madaftari yapo, na mahali pamoja Mozart amemwandikia mwanafunzi wake kwamba ni punda. Kila Jumapili adhuhuri mwaka 1782 Mozart alikuwa nyumbani kwa Baron van Swieten wakipiga Bach na Handel, na miaka sita baadaye, mwishoni mwa simfonia yake ya mwisho, mawazo matano yanakutanishwa kwa wakati mmoja kwa wepesi unaotia wivu. Vitabu vinaiita Klasiki. Haydn alipofikiwa na zamu ya kumfundisha Beethoven alikuwa mvivu wa kusahihisha, makosa mengi aliyapita; Beethoven akahamia kwa Albrechtsberger, mwalimu aliyekuwa mkali.

Na Romantiki, enzi inayosifiwa kwa hisia zisizofungwa kamba? Anton Bruckner alisoma kwa Sechter yuleyule kuanzia 1855 hadi 1861, sehemu kubwa kwa njia ya posta, kwa bidii iliyomfanya mwalimu amwandikie apumzike asije akaugua. Johannes Brahms naye, mwaka 1856, alikubaliana na rafiki yake Joseph Joachim, mpiga fidla mashuhuri, kwamba watatumiana mazoezi ya kontrapunti na kusahihishana. Atakayechelewa atalipa thaler moja, na mwenzake atanunulia vitabu. Walikuwa vijana wenye majina tayari, lakini walitozana faini kama wanachama wa kikoba.

Brahms hakuacha hata alipozeeka. Alikuwa na karatasi alizokusanyia mifano zaidi ya mia moja ya sehemu ambapo mabingwa waliotangulia waliruhusu tano na nane zitembee pamoja. Aliinakili kwa mkono, na pembeni akaandika maoni: hapa inafaa, hapa haifai, hapa pana sababu. Karatasi hizo zilichapishwa Vienna mwaka 1933 na Heinrich Schenker, na mwanafunzi yeyote anayeudhika na ile sheria anaweza kuona jinsi mtu alivyoudhika nayo kwa miaka mingi, akiwa na kalamu mkononi.